Lenzi ya 50mm f/1.8 au taa moja ya LED: kipi kianze?

Fremu25: Habari wakuu. Kamera ni ya sensa ya APS-C (ndogo kuliko ile ya fulu fremu) na lenzi yake ya 18–55mm f/3.5–5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana na mwanga mwingi unaingia). Kazi ni mahojiano na filamu fupi za darasani, chumba cha mita 3 kwa 4, watu wawili tu nyuma ya kamera. Pesa inatosha kitu kimoja: 50mm f/1.8, au LED ya wati 60 na softboksi (kasha la kitambaa la kulainisha mwanga). Kwa sasa ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iko 6400 na picha imejaa chenga.

Kivuli: Taa. Kama mwanga uliopo unatoka darini na kupiga utosini, macho yanazama gizani, na f/1.8 itayaonyesha yakiwa yamezama vilevile. Weka softboksi nyuzi 45 pembeni mwa kamera, juu kidogo ya usawa wa macho, sm 80 kutoka usoni, ukingo wake uchungulie tu nje ya fremu. Ukiivuta hadi sm 160 mwanga unabaki robo, yaani stopu 2 zimepotea (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), na kivuli cha pua kinaanza kuwa kikali. Halafu zima balbu ya darini. Mara nyingi ile ni 2700–3000K, LED ni 5600K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga: ndogo ni ya chungwa, kubwa ni ya buluu); shavu moja litatoka la chungwa na hakuna waiti balansi (mpangilio wa kamera wa kusawazisha rangi) itakayoponya yote mawili.

ApechaWazi: Napinga kidogo. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 ni zaidi ya stopu 3, kwa hiyo ISO 6400 inashuka hadi karibu 640. Usiku mtaani, pasipo na pa kuchomeka taa, lenzi inashinda bila ubishi.

Kivuli: Mtaani sawa, ila mkuu kauliza chumba. 50mm kwenye APS-C inaona kama 75mm kwenye fulu fremu. Mtu wa mita 1.7 aenee mzima, kamera inarudi nyuma mita 6 na ushee. Utatoboa ukuta?

MvutaFokasi: Kuna jambo mmeliruka. 50mm kwa f/1.8, mhusika yuko mita 1.5: eneo lililo kwenye fokasi ni kama sm 6 tu. Akiinamia mbele kidogo, masikio yanabaki makali na macho yameyeyuka, na kwenye kioo kidogo cha kamera huoni hadi ufike kuhariri. Ukifunga hadi f/4 unapata kama sm 14, mtu anaweza kupumua. Lakini umeshatoa stopu 2 na zaidi kati ya zile 3 ulizonunua. Zitarudi kutoka wapi? Kwenye taa.

JuaKali: Nje pia f/1.8 peke yake ni nusu ya kifaa. Fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50, ISO 100, jua kali: kamera inadai f/22. Ukitaka f/2.8 unahitaji ND, yaani kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, ya stopu 6 (ND64). Wengi hukwepa kwa kupandisha shata hadi 1/2000, kisha wanashangaa mikono ya mhusika inakatikakatika akitembea.

Fremu25: Basi taa. Nikague nini kabla ya kulipa?

MvutaFokasi: Kupepesa. Punguza mwanga wake hadi asilimia 10, rekodi ukuta mweupe kwa shata 1/500. Mistari ikitembea kwenye picha, iache dukani. CRI (kipimo cha uaminifu wa rangi, mwisho 100) iwe 95 au zaidi, vinginevyo ngozi inaweza kutoka kijanikijani. Na penye umeme wa 50Hz baki 1/50 au 1/100. Penye 60Hz ni 1/60 au 1/120, maana balbu nyingine zitakazoingia kwenye fremu nazo zinapepesa.

Kivuli: Ongeza ubao mweupe wa foamu upande usio na taa, sm 50 kutoka shavuni, kivuli kitalainika. Ukitaka uso wenye uzito zaidi, ning'iniza kitambaa cheusi mahali pale pale. Na stendi ya taa ifungie chupa ya lita 5 ya maji kwenye mguu uliopo chini ya softboksi. Stendi ndefu huangukia mbele, upande wa mhusika.