Familia ya Bi Khadija: Nasra kwa Tiana

JUMATANO

Salma: Assalaam alaykum wapendwa. Mama kafika Atlanta salama, kalala kashiba, anawasalimu nyote. Ijumaa tunashuka Orlando, Jumamosi tunaamkia Magic Kingdom, ile bustani ya michezo ya Disney. Nasra halali, wimbo ni mmoja tu, Tiana Tiana Tiana. Mwajuma wewe ulishawapeleka wa kwako, nipe maneno.

Dada Rehema: Waalaykum salaam. Gauni limemkaa?

Salma: Limemkaa utadhani fundi alimpima mwenyewe. Jana kalala nalo.

Dada Rehema: Mvue!! Satini ile ya kijani nimeizungukia Ngamiani nzima hii miguu ikavimba.

Kaka Hamisi: Samahanini. Huyu Tiana ni nani na anatudai nini

Zubeda: Kaka unaishi wapi wewe. Ni prinsesi wa Disney. Filamu yake ilitoka 2009.

Mwajuma: Ndiye wa kwanza mweusi kwenye maprinsesi wao. Mtoto wa New Orleans, kazi yake mhudumu wa mgahawa, anadunduliza hela afungue wa kwake. Anapika balaa.

Kaka Hamisi: Prinsesi anapika mwenyewe?

Mwajuma: Anapika, na kuna mtu wa kweli nyuma yake. Waliomtunga walimchukulia mfano Leah Chase, yule mama wa mgahawa wa Dooky Chase's hukohuko New Orleans. Kafariki 2019.

Kaka Hamisi: Hapo tumeelewana. Kiingilio?

Salma: Bei inategemea siku. Jumamosi inapita dola 100 kwa kichwa. Idi bure, hajatimiza miaka 3.

Kaka Hamisi: Dola mia ni kama laki mbili na nusu. Kwa kichwa. Kwenda kumwamkia mtu kavaa gauni.

Zubeda: Mimi nangoja ya kwetu. Mei 2025 Disney walitangaza watajenga bustani nyingine Abu Dhabi, Yas Island. Natoka Muscat asubuhi, adhuhuri nimefika na gari yangu.

Bakari: Ngoja tu. Ikifunguliwa wanao wana ndevu.

Mwajuma: Salma nisikilize, nitaandika refu. Tiana yuko Princess Fairytale Hall, nyuma ya ile ngome ya Cinderella. Ndani kuna foleni mbili. Ya Cinderella peke yake, ya Tiana peke yake, na Tiana hukaa upande mmoja na Rapunzel, yule prinsesi wa nywele ndefu. Uliza mlangoni kabla hujajipanga, usije ukasimama upande wa Cinderella ukaona mtoto anaangua kilio. Pakua programu yao kwenye simu, inaonyesha foleni ya kila mahali ni dakika ngapi. Nendeni mapema kabla jua halijawa kali. Na satini ile Florida itamwasha, mvalishe fulana nyepesi ya pamba ndani.

Mwajuma: Chakula ingieni nacho, hawakatazi. Vyombo vya glasi ndio hapana. Kigari cha Idi mtakiacha nje kwenye maegesho ya vigari, na wale wahudumu huvipanga upya. Unatoka unakuta vigari mia vinafanana na cha kwako kimehama. Kifungeni kitu cha kukitambua.

Salma: Mama kasema atakifunga kanga.

Bakari: Kanga ya maneno gani 😂

Salma: Ngoja nimuulize

Salma: "Wema hauozi"

Zubeda: Na wewe Salma vaa gauni basi mfanane na Nasra.

Mwajuma: Hawamruhusu. Kuanzia miaka 14 huvai vazi la mhusika. Vaa rangi ya kijani tu yatosha.

Dada Rehema: Sasa mimi langu ni moja. Mtoto akifika mbele ya yule dada asimame, atoe mkono, aamkie. Asije akajificha kama mbuzi wa sadaka. Salma wewe ulikuwa hivyo, wageni wakija uko chini ya kitanda.

Salma: Dada jamani kwenye kikundi?

Mwajuma: Dada Rehema kwa heshima zote, hilo usimwagize. Wa kwangu nilimsukuma. Akaganda. Picha ninayo mpaka leo, sura ya mtu anayechomwa sindano.

Dada Rehema: Adabu ni adabu. Mkubwa anaamkiwa.

Bakari: Mimi nilipowapeleka wangu Disneyland ya Paris, foleni ya Princess Pavilion mdogo aliimaliza amelala begani kwangu. Tumefika mbele, kafumbua macho, anaona taji na meno. Alipiga yowe nadhani London walisikia.

Mwajuma: Ndicho ninachosema. Nyumbani anamwona ukubwa wa kiganja, ndani ya simu. Pale anakuta mtu mzima, mrefu, anamjua yeye na anataka kumshika. Mtoto wa miaka minne hana wajibu wa kufurahi palepale. Salma mwachie, na usimhimize "haya cheka, haya cheka." Wale wasichana wamefundishwa kazi, watamngoja.

Dada Rehema: Haya. Mimi nimeshasema.

Mwajuma: Na Idi usimkimbizie kwa Mickey. Maprinsesi wanaonyesha sura na wanaongea. Hao wenye vichwa vikubwa hawasemi neno, wanapunga mkono tu. Mtoto mdogo anaogopa kwelikweli.

Kaka Hamisi: Hata mimi ningeogopa.

IJUMAA

Salma: Tumeingia Orlando. Tumekaa barabarani muda wa saa saba, Mama kasimulia njia nzima. Tunalala.

JUMAMOSI

Salma: 📷 Picha

Zubeda: Mashallah gauni!! Na Mama na miwani yake ya jua, nani kamnunulia

Salma: Kajinunulia kituo cha mafuta. Tumeegesha gari Mama akasema alhamdulillah tumefika. Bado! Kutoka maegesho unavuka ziwa kwa pantoni ndiyo uione geti. Anauliza nauli ni nani anakusanya.

Kaka Hamisi: Mwambie imo kwenye ile laki mbili na nusu.

Bakari: Ile Magic Kingdom imefunguliwa Oktoba 1971. Rika moja na Dada Rehema.

Dada Rehema: Nani kakuuliza

Salma: Idi kamwona Mickey. Basi tu. Tuko Baby Care Center namnyonyesha atulie. Mahali pazuri lakini, kuna viti vya kunyonyeshea na sehemu ya kubadilishia nepi, iko karibu na ile ngome.

Mwajuma: Nilisema 🤦🏾‍♀️

Salma: Si mimi, ni babake. Ati "mtoto wa kiume haogopi panya."

Dada Rehema: Nasra je

Salma: Hasemi. Tangu tuvuke pantoni kashika buibui la Mama hajaliachia.

Dada Rehema: 🙄

Salma: Tuko foleni ya Tiana. Programu inasema dakika 35. Simu chaji inaniishia nitawasimulia usiku.

Zubeda: Salma usituachie hapo

Zubeda: Salma

Kaka Hamisi: Mtoto kaliwa na foleni.

JUMAMOSI USIKU

Salma: Haya nimekaa. Watoto wamelala na nguo zao. Mama anakanda miguu. Kaeni vizuri.

Salma: Foleni yenyewe ilikwenda. Tukaingia ukumbini, mapazia, zulia, taa za kufifia, na Tiana kasimama na lile gauni lake la kijani lenye petali kama la yungiyungi, glavu mpaka juu ya kiwiko. Mrembo yule msichana, wallahi. Akamwona Nasra akasema "Angalia, tumeshonewa na fundi mmoja!" Nasra akaingia ndani ya buibui la Mama. Mzimamzima. Viatu tu ndio vinaonekana.

Dada Rehema: Si nilisema.

Salma: Subiri dada. Mimi nikakumbuka maneno ya Mwajuma nikanyamaza, ingawa moyoni nahesabu dola. Tiana naye hakumvuta. Akapiga goti pale chini, akamwacha Nasra kabisa, akaanza kuzungumza na Mama. Kumuuliza katoka wapi, kanga yake nzuri, anapenda kupika nini.

Salma: Na Mama hajui Kiingereza cha zaidi ya thenkyu.

Bakari: 😂😂

Salma: Mama akajibu kwa Kiswahili chake cha Tanga, bila haraka, kama yuko barazani. "Mwanangu, nasikia wewe unauza maandazi." Maana Nasra alishamsimulia habari za beignet, yale maandazi ya New Orleans yanayonyunyiziwa sukari ya unga, Tiana ndiyo sifa yake. "Umbo ni mahamri yangu, nimeyaona kwenye picha. Lakini mbona huweki iliki? Na tui la nazi mnapata huko kwenu?"

Salma: Mimi nafungua mdomo nitafsiri. Ikasikika sauti ndani ya buibui, kwa Kiingereza: "Bibi anasema unasahau iliki."

Zubeda: WEEEE

Mwajuma: Nalia

Salma: Tiana kashika kifua, eti "Iliki! Ndiyo maana kulikuwa na kitu kinapungua." Akauliza inawekwa lini, na unga au na sukari? Nasra katoa kichwa. Kamuuliza Mama kwa Kiswahili. Mama kajibu inatwangwa kwanza, inaingia na unga. Nasra kamgeukia Tiana: inatwangwa kwanza, inaingia na unga, na ukiweka nyingi ni chungu. Hiyo ya uchungu kaongeza yeye, Mama hakusema.

Dada Rehema: Mtoto wa watu 😭

Salma: Hapo keshatoka buibui lote, kasimama katikati yao wawili, mkono kiunoni, mkalimani wa serikali. Kaulizwa nani anakula mengi nyumbani, kasema Mjomba Hamisi akija anamaliza sahani.

Kaka Hamisi: Huyo mtoto kaanza kuharibika.

Bakari: Baba wa laki mbili na nusu sasa anajulikana Disney kwa ulafi 😂

Salma: Dada Rehema na lako lilitimia. Wakati wa kupiga picha Nasra kamtazama yule dada, kakumbuka, akatoa mkono: "Shikamoo." Kwa Kiswahili. Msichana wa watu anatabasamu hajui ajibu nini. Mama akamjibia kwa sauti ya ukumbi mzima: "Marahaba mwanangu, sema marahaba."

Dada Rehema: Huyo ni mama yangu.

Mwajuma: Na akasema?

Salma: "Marahaba." Vizuri tu. Nasra akamsahihisha ile h.

Zubeda: Picha tafadhali

Salma: 📷 Picha

Salma: 📷 Picha

Salma: Mpiga picha wao alipiga na kamera yake halafu nikampa simu akapiga na ya kwangu, bure. Ya pili ndiyo nzuri, Mama kafumba macho lakini tazameni mkono wa Nasra. Kashika glavu ya Tiana kwa vidole viwili, ile namna anavyoshika kitu asichotaka kiharibike.

Mwajuma: Sahihi mlipata?

Salma: Katika daftari lake. Ile T ina mapambo, Nasra kaifuatisha kwa kidole njia nzima ya kurudi hotelini. Daftari liko chini ya mto.

Kaka Hamisi: Na Rapunzel je, mlimlipia pia.

Salma: Tulipita kwake pia, hatua chache tu baada ya Tiana. Msichana mchangamfu, kaongea na Nasra habari za nywele. Nasra kamjibu kwa upole lakini shingo imegeuka nyuma, kwa Tiana. Nilimwonea huruma Rapunzel.

Bakari: Na baada ya hapo mliona nini kingine

Salma: Gwaride kidogo, joto, Idi kalala kigarini. Ile kanga ilituokoa kweli, tulitoka tukakuta vigari vimepangwa upya lakini "Wema hauozi" naiona tangu mlangoni. Kuna mama mmoja Mmarekani kaniuliza kanga inauzwa duka gani mle ndani. Saa tisa alasiri tukarudi zetu, sikutaka kuwaburuza. Tulikuja kwa ajili ya Tiana, Tiana tumemwona.

Mwajuma: Umefanya la maana. Watu wanataka wawamalize wote kwa siku, mtoto jioni hajui aliona nini.

Dada Rehema: Mama yuko macho? Mpe simu.

Salma: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:48)

Dada Rehema: Kasemaje hapo mwisho, upepo wa feni

Salma: Kasema yule msichana ana adabu, ila mwembamba, na kesho anataka amtumie kopo la iliki kwa posta. Namwambia Mama pale wanapokezana, kesho anaweza kuwa msichana mwingine mwenye gauni hilohilo. Kasema basi watagawana.

Kaka Hamisi: Salma. Hiyo picha ya pili nitumie nje ya kikundi, hii imepungua ubora. Nataka kuisafisha niitundike dukani.

Zubeda: 👀 Dukani? Mwenye kuamkia mtu kavaa gauni?

Kaka Hamisi: Mama yangu yumo kwenye picha. Nimtundike nani, Mickey?

JUMAPILI

Salma: Habari za asubuhi. Kaamka huyu. Swali la kwanza kabla ya uji: "Elsa yuko mlango gani?"

Mwajuma: Ooh. Elsa wa ile filamu ya Frozen hasalimiani na watoto Magic Kingdom. Yeye na mdogo wake Anna wako Epcot, upande wa Norway. Ni bustani nyingine ya Disney na tiketi nyingine.

Kaka Hamisi: Kwaherini.

Salma: Mwajuma naomba umweleze mwenyewe hayo. Nakupigia video, simu ninampa yeye.