Naomba ushauri: mteja kaniambia siri inayogusa fomu zake

Habari zenu wakuu. Niko Marekani, nasimamia mafaili ya wakimbizi wanaozungumza Kiswahili, wengi Wakongo waliotoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Mama mmoja anakaribia kutimiza mwaka, muda ambao mkimbizi anatakiwa kuomba ukaazi wa kudumu. Tukiwa tunapitia karatasi akanishika mkono: "Mwanangu, huyu mdogo ni wa marehemu dada yangu. Kambini tulimwandikisha kama wangu."

Mimi si mwanasheria, siruhusiwi kumwambia ajaze nini. Nimemsihi tusitume chochote kabla hajaonana na mwanasheria wa uhamiaji, lakini anaogopa atanyang'anywa mtoto, na kusema kweli hofu yake inaniuma. Mliopitia kazi hii, mliwatulizaje wateja wa namna hii hadi wakakubali kwenda? Na siku hiyo nimtafsirie mimi, au nimtafutie mkalimani mwingine?