"Kwani unapanga kugonga?" Hivi ndivyo mtu aliyekuuzia gari anavyokujibu?

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, herufi zikipinda mnisamehe.

Simtaji jina. Mnamjua. Yule wa "gari halina hata mkwaruzo, bosi wangu", anayeapa kwa watoto ambao sidhani hata kama anao. Nusu yenu humu kawauzia, nusu iliyobaki mko kwenye foleni.

Miezi minne nimetembea na gari lake. Wiki iliyopita honi ikafa. Nikasema honi kitu gani bwana, nitatoa kichwa dirishani nipige kelele. Leo nikaona aibu, nikapeleka kwa fundi. Kazi ya honi tu!

Fundi akawasha swichi, akanyamaza. Akazima. Akawasha tena. "Mbona taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ukigonga, haiwaki?" Nikamjibu kwa fahari: haiwaki kwa sababu ni nzima. Akanitazama kama daktari anayetafuta ndugu wa mgonjwa awape habari. Akaniambia taa nzima ukiwasha swichi lazima iwake sekunde chache, mfumo ujipime, ndipo izime. Isiyowaka kabisa imezibwa mdomo.

Akafungua dashibodi. STIKA. Stika nyeusi, imekatwa kwa wembe, imelingana na kile kitaa kama imezaliwa nacho. Akaibandua kwa ukucha, na chini yake taa nyekundu inawaka, imewaka miezi minne yote gizani peke yake, masikini.

Kumbe ule utepe wa waya unaojikunja nyuma ya usukani umekatika. Ndimo inamopita njia ya honi, na ndimo inamopita njia ya eabegi. Upande wa eabegi ulishakatika zamani, honi imefuata tu msiba.

Subirini, haijaisha. Tukaingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya kiwanda. Eabegi hiyo hiyo ya dereva iliitwa ikabadilishwe, BURE, kwa sababu ikilipuka inaweza kurusha vipande vya chuma. Hakuna aliyeipeleka. Kwa hiyo wakuu, nina eabegi ambayo isipofumuka nakufa na ikifumuka nakufa.

Nikampigia. Nikajieleza kwa adabu kabisa, bosi wangu nimekuta stika. Akasema: "Kwani unapanga kugonga?"

Akacheka. Akakata.

KWANI UNAPANGA KUGONGA! Mimi! Kama vile watu wana ratiba, Jumanne kufua, Jumatano kugonga! Mtu amekaa chini na wembe, amepima, amekata duara, amepuliza vumbi, amebandika, amerudisha kioo, halafu ananiuliza mimi ndiye ninayepanga?

Nawasilisha. Nina hasira.

Rejeta Kavu: Pole mkuu. Ila sifa apewe anayestahili, kukata duara kwa wembe si kazi ndogo.

Mama Giaboksi: Miezi minne hujaona kuwa kuna taa haiwaki? Mimi taa zangu zote nazijua kwa majina.

Mleta uzi: Mama, nani anahesabu taa ambazo HAZIWAKI? Na suala si taa, suala ni "kwani unapanga kugonga".

Silensa Bovu: Afadhali wewe kabandika stika. Mimi kaniunganishia taa ya eabegi na ile ya oili. Oili ikizima na yenyewe inazima, kila kitu kinaonekana kizuri. Nilikuwa naringa nayo mpaka kwenye harusi.

Bolti Moja: Wanaouliza kwa nini eabegi irushe chuma, someni habari za Takata, kampuni ya Kijapani iliyokuwa inatengeneza eabegi. Walitumia amonia nitrati kama baruti ya kujaza mfuko, bila kikaushio. Joto na unyevunyevu vikiila kwa miaka, siku ya siku inalipuka kwa nguvu kupita kiasi na kulipasua kopo lake la chuma. Marekani peke yake ziliitwa eabegi milioni 67 hivi. Kampuni ikaomba kufilisika mwaka 2017. Na gari linavyozeeka ndivyo hatari inavyozidi, kwa hiyo msijidanganye kwamba mbona mpaka leo halijanifanya kitu.

Rejeta Kavu: Mwalimu amefika.

Gia ya Tano: Mimi nimeingiza chesisi yangu kwenye tovuti ya Wamarekani, inaniambia namba si sahihi. Ina maana gari langu ni la wizi?

Bolti Moja: Gari lako lilitengenezwa kwa soko la ndani la Japani. Hayo hayana namba ya tarakimu na herufi 17, yana msimbo wa modeli, kistari, kisha namba. Ingia tovuti ya Kijapani ya kiwanda chenyewe.

Gia ya Tano: Imeandikwa Kijapani yote.

Bolti Moja: Ulitaka iandikweje?

Silensa Bovu: Mnamlaumu muuzaji, mimi nalaumu kiwanda. General Motors mwaka 2014 waliita mamilioni ya magari kwa ajili ya swichi ya ufunguo. Ukining'iniza funguo nyingi, uzito unavuta, swichi inajirudisha, injini inazima ukiwa njiani na eabegi hazifumuki. Waliokufa waliolipiwa fidia walifika 124. Wenye magari wakaambiwa mpaka gari litengenezwe, ufunguo wake uwe peke yake, mwingine wowote utolewe.

Mama Giaboksi: Mume wangu ufunguo wa gari ameufunga pamoja na wa geti, wa stoo, wa kabati, na wa nyumba tuliyohama. Namwonyesha hii sasa hivi.

Rejeta Kavu: Kwa nini bado ana ufunguo wa nyumba mliyohama?

Mama Giaboksi: Swali zuri. Nitarudi.

Tairi Kipara: Nyote mnalia na taa. Mimi niliuziwa gari na "tairi mpya kabisa". Zinang'aa, zimepakwa dawa. Nikaja kufundishwa kwamba kwenye tairi kuna namba nne za mwisho, mbili za kwanza ni wiki na mbili ni mwaka. 2311 ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Tairi zangu mpya zingekuwa binadamu zingekuwa shule.

Mleta uzi: Jamani, mimi nimeulizwa kama napanga kugonga! Hakuna anayenihurumia?

Silensa Bovu: Mkuu kwani unapanga?

Mleta uzi: Nimeondoka.

Gia ya Tano: Subirini kwanza. Wewe wa tairi, hizo namba ziko wapi? Zangu sizioni.

Tairi Kipara: Mara nyingi ziko upande mmoja tu. Nje hazipo, lala chini uangalie ndani.

Gia ya Tano: Nimelala. Nimeona 0809.

Gia ya Tano: Niamke au nibaki hapa hapa?