Naomba ushauri: niiuze mashua aliyoijenga babu?

Mleta mada:
Wanajukwaa, habari zenu. Nimerithi mashua ya mbao ambayo babu aliijenga kwa mikono yake na baba akaivulia miaka 30, na sasa ni mwaka wa tatu imelala nchi kavu, kwa kuwa kazi yangu iko mbali na maji na sina nafasi ya kuikalafati, yaani kuziba nyufa za mbao zake. Wamejitokeza wanunuzi wawili. Mmoja analipa vizuri, lakini anataka kuikata aifanye meza ya mapokezi. Mwingine ni mvuvi kijana ambaye fedha zake ni pungufu, ila atairudisha majini. Kaka yangu anasema kuiuza ni kumuuza babu. Nifanyeje?

Randa:
Ikague kwanza. Chukua kisu chembamba, uchome mbao zilizo karibu na mkuku, ule mti mkuu wa chini, na pale zinapokutana na mataruma, yaani mbavu za ndani. Ncha ikizama bila kupingwa, hapo pameoza. Nyufa kati ya ubao na ubao zisikutishe, kwa maana mbao zikikaa kavu hunywea, na zikirudi majini hufura zikabanana, ingawa siku za mwanzo mtafua maji mpaka mchoke. Adui wa mashua iliyopandishwa ni maji ya mvua yanayotuama ndani, ambayo huiozesha upesi kuliko maji ya chumvi. Itazame na misumari, kwani ya chuma ikishika kutu huharibu mbao zinazoizunguka. Utakayoyaona, mwambie mnunuzi yote.

Mama Wawili:
Kwangu mimi shida si mashua, ni kaka. Ikiwa ni mali ya warithi wote, huwezi kuiuza peke yako. Waite, mkubaliane, mtie sahihi. Na huyo kaka mwulize mara ya mwisho alishika lini brashi. (Kwetu tulikuwa naye wa namna hiyo.)

Tanga Bovu:
Mwenye meza msimdharau, kwani mkuku ukiwa umeoza, huenda yeye ndiye atakayeinusuru japo nusu. Ukiwa mzima, mpe kijana, hata kama atalipa kidogo kidogo, wala usimwekee masharti: atabadilisha mbao, pengine atafunga mashine, na itakuwa haki yake. Wewe baki na kitu kidogo cha ukumbusho.

Mleta mada:
Nashukuruni. Jana nimeichoma kisu: mkuku ni mzima, mbao tatu za ubavuni zimeoza, na kijana nimemwonyesha zote. Kaka amekubali kutia sahihi baada ya kupewa upo wa kufulia maji, ule wa mti, ambao mpini wake umebonyea pale kidole gumba cha baba kilipokuwa kikikaa. Kisha kijana akaniuliza kama anaweza kuliacha jina la bibi lililoandikwa gubetini, pale mbele ya mashua. Sikuweza kumjibu papo hapo. Nilipopata sauti, nilimwambia rangi ya kuliandika upya nitanunua mimi.