Lita sita ziko wapi? Nimepima kibegi changu cha kamera kwa futikamba, nimechoka kudanganywa

Ndugu wanajamvi,

Nimevumilia wiki mbili nikidhani kosa ni langu la kutojua kupanga vifaa, lakini jana usiku nilichukua futikamba ya fundi cherehani nikakipima kibegi changu kipya, na sasa sioni sababu ya kuendelea kunyamaza.

Mimi hupiga picha za harusi na kipaimara hapa Dar es Salaam, na usafiri wangu ni daladala. Begi la mgongoni lilinishinda zamani, kwa sababu ndani ya gari lililojaa huwezi kujua nani anapapasa zipu nyuma yako, na ukishuka usiku wenye tabia ya kupora wakiwa juu ya pikipiki wanakuona toka mbali. Ndiyo maana nilitaka kibegi kidogo cha mkanda mmoja, kile kinachopita begani na kulala kifuani, chenye nafasi ya kamera ya Sony a6400 pamoja na lenzi ya milimita 18-135, lenzi ya pili ya milimita 50, flashi moja na betri mbili. Si mahitaji ya anasa hayo. Kamera ina gramu 403, lenzi hizo zina gramu 325 na 202, na zote tatu kwa pamoja hazifikishi kilo moja.

Muuzaji wa Kariakoo aliniambia kibegi ni cha lita sita, na kikaratasi kilichoning'inia kwenye zipu kiliandikwa hivyohivyo. Nikalipa shilingi 65,000. Futikamba inasema hivi: kwa nje kina sentimita 25 kwa 18 kwa 10. Zidisheni wenyewe mtapata lita 4.5, tena hiyo ni nje. Sponji ina unene wa sentimita moja kila upande, kwa hiyo ndani zinabaki 23 kwa 16 kwa 8, ambazo hazifiki hata lita tatu. Zaidi ya nusu ya nilichouziwa haipo. Kamera na lenzi zake zinaingia kwa kubanana, betri zinakaa mfuko wa mbele, na flashi yangu husafiri ndani ya mfuko mbadala kama nyanya za sokoni.

Na hata lita hizo zingekuwa za kweli, zingenisaidia nini? Kamera si maharage, useme utaimimina mpaka ijaze pembe zote. Vibegi viwili vinaweza kuwa na ujazo uleule, kimoja kikameza kamera na lenzi yake, kingine kikashindwa kufunga zipu kwa sababu ni kirefu lakini chembamba. Lenzi yangu ya 18-135 ina kipenyo cha karibu sentimita 7, kwa hiyo kibegi chenye kina cha sentimita 7 kwa nje hakinifai, kiwe na lita ngapi kiwe nazo. Ninachohitaji kuandikiwa ni urefu, upana na kina cha ndani, baada ya sponji. Tarakimu tatu tu.

Kuna hili la "hakipitishi maji". Nilipouliza, nilijibiwa kwa kujiamini kabisa kwamba kitambaa ni 600D, basi nisiwe na wasiwasi. Namba hiyo ni uzito wa uzi kwa gramu katika urefu wa mita 9,000. Inahusu unene wa uzi, haihusu maji hata kidogo. Kinachozuia maji ni utando uliopakwa kwenye kitambaa, na hata huo hausaidii kitu ikiwa zipu ni ya kawaida na mishono imeachwa wazi. Nilitoa vifaa vyote, nikaweka karatasi za chooni ndani, nikamwagia glasi moja ya maji juu ya zipu. Karatasi zililowa kabla glasi haijaisha. Nani atatoka na kitu hicho wakati wa masika?

Mkanda una upana wa sentimita 2.5 na unakata bega kabla misa haijaisha, lakini linaloniudhi zaidi ni klipu yake ya kubonyeza, ambayo nikivaa inakaa mgongoni, mahali ambapo mimi siioni na mwizi anaiona vizuri.

Nilikirudisha dukani. Nikaambiwa nimeshakitumia, na kwamba wateja wengine hawajalalamika. Bila shaka, kwa sababu hakuna anayekwenda Kariakoo na futikamba mfukoni.

Mimi safari ijayo nitakwenda nayo, pamoja na kamera yenyewe ikiwa na lenzi yake, na sitatoa pesa kabla sijafunga zipu mbele ya muuzaji. Wenye vibegi vya mkanda mmoja vinavyobeba kamera ya aina hii pamoja na flashi, naomba mvipime kwa ndani mniwekee hapa sentimita zake. Lita msiniandikie.