Mwili wa kaka umeshikiliwa Uingereza, wazee Sengerema wanataka tarehe ya mazishi

Mwana_Sengerema: Wakuu, kaka yetu kafariki ghafla kazini, Leicester. Turubai limeshafungwa nyumbani, wazee wanauliza tunazika lini. Shemeji anasema ofisi ya mchunguzi wa vifo imeuhamishia mwili mochwari ya mji mwingine bila hata kumuuliza. Wana haki hiyo kweli?

Mama Nyegezi: Pole sana mdogo wangu. Wanayo. Shangazi yangu alifia huko, nikahangaika na hilo hilo kutokea hapa Mwanza. England na Wales wana sheria ya mwaka 2009: mwili ukiwa chini ya mchunguzi wa vifo, anaweza kuamuru upelekwe mahali popote panapofaa, hata nje ya eneo lake, mradi mwenye mahali hapo amekubali. Mara nyingi ni kwa sababu daktari wa kupasua yuko hospitali nyingine. Ndugu hawaombwi ruhusa, na hilo linauma, najua.

Ila hawakai nao watakavyo. Wanatakiwa kuuachia mapema iwezekanavyo, na zikipita siku 28 lazima waieleze familia sababu. Msidanganyike kwamba mpaka uchunguzi wote uishe. Daktari akishamaliza kazi yake, mwili unaweza kutoka huku faili likiendelea. Shemeji aombe cheti cha muda cha kifo, kitamsaidia benki. Halafu, hili wengi hulisahau, atoe taarifa sasa hivi kwa mchunguzi huyo huyo kwamba mwili unatoka England. Taarifa ikifika zinahesabiwa siku nne kamili kabla mwili haujasafirishwa, isipokuwa mwenyewe aruhusu mapema.

Wazee waambieni ukweli leo. Turubai lishushwe, akina mama wakapumzike.

Kirumba Juu: Tafuteni wakili awabane hao. Huku kwetu mambo hayo hakuna.

Mama Nyegezi: Yapo, kaka. Mtu akizama Igombe huwezi kumtoa majini ukazika jioni ile ile, polisi na daktari kwanza. Tuna Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24. Na hela ya wakili bora iende kwenye jeneza na tiketi.

Mwana_Sengerema: Asante sana dada. Shemeji nampigia sasa hivi kuhusu hiyo taarifa. Baba mkubwa ndiye atakayesema na wazee.

Mama Nyegezi: Sawa. Mkishapata ndege mniambie, nitawapokea uwanjani hapa Mwanza. Daraja la Busisi lipo, hamtasubiri kivuko na mwili.