Folda ya Bibi kwenye Z

Salma: Shikamooni. Nisaidieni, nimefuta folda ya Bibi kwa bahati mbaya. Kapu la taka la kompyuta nimelifungua, tupu.

Mama Salma: Ile yenye picha za harusi? Yaa Rabbi.

Mjomba: Marahaba mwanangu. Uliifuta kwenye kompyuta yako au kwenye Z?

Salma: Z. Ikaniuliza nifute moja kwa moja, nikabonyeza ndiyo.

Mjomba: Z ni ile diski ya sebuleni kwa Babu, pembeni ya ruta. Wewe unaiona tu kupitia mtandao. Ukisema futa, kompyuta yako inatuma ombi kwa SMB, lugha ya kompyuta kushirikiana mafaili mtandaoni, na seva, yaani mashine ya kwa Babu inayoiendesha diski hiyo, ndiyo inayofuta. Kapu la Windows halipokei vya huko.
Kwanza mtu yeyote asiweke kitu kipya kwenye Z, hata picha za simu. Faili likishafutwa nafasi yake iko wazi, kitu kipya kinaweza kukaa juu ya sura ya Mama.

Mama Salma: Nimezima yangu.

Mjomba: Salma, nilipoweka Samba, programu ya seva inayogawa mafaili kwa SMB, niliiwekea kapu lake, limefichwa. Pale juu andika Z:\.recycle

Salma: Ipo folda yenye jina langu. Ndani yake Bibi! Picha zimo!

Mama Salma: Alhamdulillahi. Ile ya kanga nyekundu mlangoni?

Salma: Ipo mama, na ule mkunjo wake wa kona.

Mjomba: Video je? Kapu lile nililiwekea kikomo cha MB 500 kwa kila faili. Kinachozidi hapo hakipiti kapuni, kinafutika kabisa. Video ni GB 3.

Salma: Humu haimo 😭

Mama Salma: Sauti ya mama yangu iko humo tu jamani.

Baba Mdogo: Ngojeni. Babu anaitazama sasa hivi kwenye kompyuta yake.

Mjomba: ASIIFUNGE! Faili lililofunguliwa na mtu linaweza kusubiri, likaondoka akilifunga tu. Salma, ulipofuta hukuona ujumbe wowote?

Salma: Faili moja liliandikwa kuwa linatumika, nikaliruka.

Mjomba: Basi seva ilikataa kulifuta. Rudi Z, angalia folda ya Bibi pale pale ilipokuwa.

Salma: Folda ipo. Video ipo peke yake ndani!!

Mama Salma: Nalia huku.

Mjomba: Inakili kwenye flashi sasa hivi.

Baba Mdogo: Babu anauliza kama anaweza kuifunga, anataka kuswali.

Salma: Imebaki dakika mbili Babu.